Kondo la nyuma la binti yangu liko ng'ambo, shimo lake bado liko wazi Kabras

Kuna shimo nyuma ya jiko la mama mkwe wangu, huku Kabras, katikati ya migomba. Lilichimbwa kabla binti yangu hajazaliwa. Kilichopaswa kuzikwa humo kiko kwenye friji ya maabara, ng'ambo.

Wakuu, salamu kwenu. Naandika niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Hospitali na mradi sitavitaja, maana sikuja hapa kumchomea mtu.

Nirudi mwanzo.

Mume wangu anafanya kazi Uarabuni. Siku zangu zilipotimia, aliyenipeleka hospitali mjini Kakamega alikuwa mamake. Uchungu ulikuwa umeshika kweli kweli, nimeng'ang'ania chuma cha kitanda, wakati kijana wa utafiti alipofika. Mpole, koti jeupe, Kiswahili cha redioni.

"Mama, tunafanya utafiti wa malaria kwa wajawazito. Tunaomba ruhusa yako tuchukue kondo la nyuma baada ya kujifungua."

Mama mkwe akadakia. "Kondoo? Sisi hatufugangi kondoo, daktari. Enda Lubao siku ya soko, utapata mingi."

Wadi nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, kisha uchungu ukanikata kicheko. Kijana naye akacheka, akaendelea kusoma karatasi yake. Nikaweka sahihi ili aondoke, nipumue.

Watu wa pwani mtanicheka, lakini huku kwetu hilo neno hatulitumii. Hospitalini husema placenta. Nyumbani tuna namna zetu za kukitaja kitu hicho kwa heshima.

Nekesa akazaliwa salama. Mama mkwe akaja kitandani na kikapu, ndani amepanga majani ya mgomba vizuri. Akamuuliza nesi:

"Na ile ingine?"

"Gani, mama?"

"Mwenzake mtoto."

"Aah, placenta. Wale wa utafiti walichukua. Si mlikubali?"

"Tulikubali kondoo!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Niwaeleze wasiojua. Kwenye boma hili, mwenzake mtoto huzikwa nyuma ya jiko. La mume wangu liko hapo, la ndugu zake pia. Mama mkwe anaamini ndilo linalomvuta mtu arudi kwao. Jioni, akishafungia kuku, husimama pale akitazama migomba.

"Huyu wangu hata akae huko kwa Waarabu aje, yake iko hapa. Itamvuta," aliniambia siku moja. Halafu akaliangalia lile shimo. "Sasa ya Nekesa itamvuta aende wapi, mwanangu, mwana wanje?"

Mimi nimesoma, sayansi naijua kidogo. Lakini mume wangu sijakaa naye tangu mimba ikiwa changa. Namwona kwa simu tu, akimwita mtoto ambaye hajawahi kumbeba. Kwa hiyo siwezi kumwambia mama kwamba hakuna kitu kinachomvuta mtu. Nahitaji kiwepo.

Nikaenda ofisi ya mradi. Walinipokea vizuri, sitawasingizia. Wakaniambia vipande vilihifadhiwa, vikasafirishwa, na hakuna mtu aliyewahi kuomba arudishiwe. Ombi langu wakalipeleka kwa kamati ya maadili.

Yule kijana alikuja nyumbani mwenyewe kuomba msamaha. Akiwa bado mlangoni akamwita mama bibi kwa lugha yetu, akasema, "Kukhu, nilidhani mnacheka kwa sababu mmenielewa."

"Keti ukule ingokho kwanza," mama akamjibu. "Kondoo tutaongea baadaye."

Akala ile kuku macho chini. Kisha akaonyeshwa shimo.

Wakuu, sipingi utafiti. Malaria tunaijua, imetuzikisha watoto. Ningeulizwa mapema, nikiwa kliniki na akili imetulia, pengine ningewapa kipande, kilichobaki tukazika.

Somo nililopata ni hili: mtu akikuomba ruhusa juu ya mwili wako, mwambie akitaje anachotaka kwa jina mnaloliita nyumbani. Na ninyi mnaofanya kazi hizo, msiridhike na sahihi, wala kicheko. Muulize mama, "Nimesema nitachukua nini?" Umngoje ajibu.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa kitu kama hiki, aniambie alifuata njia gani. Na kwenu hukifanyia nini? Nitasoma kila jibu, hata la kunikosoa.

Kamati haijajibu. Nekesa ameanza kutambaa, naye mama ameweka bati juu ya shimo na mawe pembeni, asije akatumbukia. Nilimwomba alifukie.

Amekataa.