Tawi la Breki

Jirani anaburuta tawi la mkorosho uani. Majani yanasagika, na harufu yake inanirudisha Newala, kwenye mteremko wa kwenda kisimani.

Baiskeli yetu ya kubebea maji haikuwa na breki. Kaka zangu walifunga tawi nyuma, likaburuzika na kupunguza mwendo. Mimi nikaambiwa mtoto wa kike hubeba ndoo kichwani.

Siku moja nikakata tawi langu, nikalifunga, nikapanda. Bibi akasimama njiani.

"Shuka! Ukivunjika atakuoa nani?"

"Shikamoo, bibi," nikasema, nikampita.

Hakuitikia. Baiskeli ilitaka kukimbia, tawi likakataa. Nikafika salama, nikajaza madumu, nikaanza kuisukuma kupanda peke yangu, jasho likinichuruzika.

Bibi alikuwa bado amesimama palepale.

"Marahaba," akasema.