Mparachichi wa Baba na Ushauri Wangu

Kazi yangu ni kuchunguza jeni zinazoiamrisha miti ya matunda ichanue lini na vipi. Kazini watu hunisikiliza. Nyumbani kwetu Mwika, kijijini mlimani, mama hunisikiliza pia, ila huku anachambua maharage.

Mwaka ule alinipigia simu kuhusu mparachichi wa marehemu baba, mti wa mwisho aliopanda kihambani, shamba letu la ukoo, kabla hajafa. Msimu wa pili sasa unachanua mpaka majani hayaonekani, halafu hautoi hata tunda moja. Ameshaongea na fundi wa chenso, atakuja Jumamosi kuuangusha, maana unaitia kahawa kivuli cha bure. Sauti yake ilikuwa kavu, na namjua mama: ikikauka hivyo, ametoka kulia.

Ijumaa nikapanda mlimani. Nikamsimamisha chini ya mti, nikamwonyesha maua. Nikamweleza kwamba ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, linajifunga, kesho yake linafunguka tena likiwa dume. Jeni za mti ndizo zinazopanga saa, na maua yote ya mti mmoja hufuata saa zilezile. Huu wetu ni jike asubuhi, dume kesho yake mchana. Unahitaji jirani mwenye saa za kinyume.

Mama akafikiri. "Kwa hiyo mke akiwa nyumbani, mume yuko Moshi mjini."

"Ndiyo, mama."

"Na mume akirudi, mke ameenda sokoni."

"Hivyo hivyo."

"Sasa miaka yote ile ulikuwa unazaa na nani?"

Nikageuka kuangalia ng'ambo ya mpaka.

Kwa mama jirani palikuwa na kisiki. Mparachichi wake wa kienyeji, wenye matunda madogo ya nyuzinyuzi, ulikatwa miaka miwili nyuma kwa ushauri wa mtaalamu mmoja aliyekuja likizo ya Krismasi. Alijitia kimbelembele, akasimama na soda mkononi, akamwambia mama wa watu aachane na mambo ya kizamani, apande miche ya kisasa. Mtaalamu huyo ni mimi. Miche yenyewe ilikauka yote. Tangu hapo nikimwamkia njia ya kanisani, mama jirani huitikia kama anatema kokwa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nenda kaombe," mama akasema, bila kupandisha sauti. "Chenso inakuja kesho."

Nikachuma jani la isale palepale mpakani, nikalifunga fundo, kama tufanyavyo kwetu mtu akienda kuomba msamaha. Anayeletewa isale hapaswi kukataa, na siku hiyo nililitegemea jani lile kuliko vyeti vyangu vyote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtaalamu."

Nikampa jani kwa mikono miwili, nikaeleza kosa langu bila neno hata moja la kitaalamu. Nikamwomba vikonyo, yaani vitawi vya kubebeshea, kutoka kwenye machipukizi ya kisiki chake, nivipandikize kwenye mti wa baba, ili saa zote mbili zikae kwenye shina moja. Akalipokea lile jani, akalichomeka kwenye kanga.

"Nimekusamehe," akasema. "Machipukizi hayo hapo, kata. Ila ushauri wako baki nao."

Jumamosi fundi alipofika alinikuta juu ya ngazi, mama yuko chini ananikatia nailoni ya kufungia. Mama akamwambia arudi tu, vikonyo vikikataa atamwita. Kisha akaniuliza kama vitashika.

Siku nyingine ningemjibu kwa nusu saa nzima. "Sijui, mama," nikasema. "Naomba tu vishike."

Hakunicheka. Akaweka nailoni chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili.