Mkwe wangu alikuja kubana umeme, migebuka wa posa wakaozea kwenye adabu

Wakuu, mwakeye. Msiojua Kiha, hiyo ni salamu, itikieni.

Mimi ni mama mtu mzima, nakaa Kasingirima hapa Ujiji. Shule niliishia darasa la nne, mkiona herufi imeruka mjue imeruka, msinisumbue. Haya yametokea nyumbani kwangu na friza ni yangu. Mwenye kubisha alikuwepo? Basi anyamaze.

Humu kila mara naona mtu anauliza afanyeje yuniti zisiishe haraka. Someni hii kwanza.

Nina mjukuu, Zaituni, nimemlea mwenyewe. Akapata mchumba wa Ilagala, watu wa ziwani, wavuvi baba na babu. Wazee wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kuposa.

Sasa ziwa lilikuwa linakaribia kufungwa. Wa mbali niwaeleze, siku hizi kuna kipindi uvuvi unasimamishwa ili samaki wazaliane. Hapo mgebuka mbichi humpati hata ulie.

Nikawahi. Nikanunua migebuka wazuri, wanene, nikajaza friza mpaka mfuniko unafungwa kwa kukaliwa. Maana mtu wa Ilagala ukimkaribisha kwa maharage hakusemi mbele yako, ila njia nzima ya kurudi wewe ndiye wimbo.

Ziwa likafungwa. Posa imekaribia, akaingia mkwe wangu kutoka Dodoma, baba yake Zaituni, na mkewe, ambaye ndiye binti yangu.

Mkwe si mtu mbaya. Halewi, hapigi mke. Ugonjwa wake ni mmoja tu, anaangalia video kwenye simu halafu anaziamini. Safari iliyopita alikuwa anakunywa maji ya bamia. Safari hii ilikuwa umeme.

Hajavua viatu anauliza, "Hii mita mbona inakimbia hivi?"

Ingekuwa na miguu ingeshafika Kasulu.

Hilo nilimjibu moyoni. Kwa mdomo haiwezekani. Nilivyolelewa mimi, mkwe wa kiume humtazami usoni, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu. Akipita koridoni mimi najibana mlangoni. Naye kalelewa hivyohivyo. Kwa hiyo tunaheshimiana sana, na hatusikilizani hata kidogo.

Akaanza kazi.

Balbu ya sebuleni akaifungua akaiweka kwake, akaacha taa ya koridoni, eti mwanga unasambaa wenyewe. Feni marufuku, ziwa linatoa upepo bure. Ni kweli, na mbu juu. Pasi akaificha, Zaituni akawa ananyoosha nguo kwa kuzilalia. Maji ya chai yanapimwa kwa vikombe vya waliopo, jirani akipita kusalimia anasalimia na kuondoka.

Chaja ikisahaulika ukutani, kikao.

Isipokuwa ya kwake. Hiyo haikutoka ukutani, maana zile video zinamaliza chaji.

Halafu akafika kwenye friza. "Friza ikijaa inajitunza yenyewe. Mchana tunazima, jioni tunawasha." Akazima soketi, akabandika juu yake plasta ile ya kidonda, akaandika kwa kalamu: BABA.

Neno hilo tu.

Siku mbili tatu akawa anazima na kuwasha mwenyewe, barafu ikawa haishiki tena vizuri. Kisha rafiki zake wa zamani wakamwita Kigoma mjini. Akazima asubuhi, akaenda. Jioni hakurudi, akalala hukohuko. Tukampigia, simu imezimwa.

Nikamwambia binti yangu, "Mama Zaituni, friza imenyamaza."

"Nimeona, mama. Nikibandua atasema namdharau kwetu. Zaituni, kabandue."

Zaituni akasema, "Mimi? Pale pameandikwa Baba, hapakuandikwa Zaituni."

Nikasema basi nakwenda mwenyewe. Nikafika mpaka mbele ya soketi. Mkono ukagoma. Ile plasta niliiona kama uso wake. Nikajikuta naweka kanga vizuri kichwani, nainamisha macho, narudi kinyumenyume.

Wanawake watatu wazima, tumekaa tunaheshimu plasta.

Karibu na adhuhuri ya kesho yake mkwe akarudi. Maji yametoka chini ya friza yamefika mlangoni. Alipoinua mfuniko, jirani akafunga dirisha.

Kuna watu humu wataandika ungewakausha, ungewabanika. Mgebuka akishalegea tumbo hata moshi haumrudishi. Nilichimba shimo nyuma ya choo nikawafukia wote. Na posa ni kesho yake.

Umeme ulibaki mwingi, lazima nikiri.

Wageni wakafika wamechelewa, jua linazama. Mbele yao shangazi wa kijana, mama mnene, mtaratibu, macho yanahesabu kila kitu. Tukawatengea ugali wa muhogo na maharage ya mawese, kwenye kiza, mwanga wa koridoni haufiki kwenye bakuli. Shangazi akamega, akapapasa bakuli akitafuta samaki, hakumpata.

Hapo mkwe akasimama. Nilidhani anaomba radhi. Anawaeleza wageni hasara ya taa.

"Tukiwa wengi sebuleni na taa ya koridoni inatosha, kwa kuwa..."

Shangazi akanawa mikono. "Yaga, kumbe tumekuja kuwamalizia umeme. Nyanyukeni, tuwaachie kiza chao."

Wakaanza kutafuta viatu kwa kupapasa. Nyuma ya pazia namsikia Zaituni anavuta kamasi. Mtoto niliyemfunga nepi, harusi yake inatoka mlangoni bila viatu.

Nikainua uso. Nikamtazama mkwe machoni, mara ya kwanza tangu aoe.

"Wewe. Washa taa."

Hata "baba" sikuweka.

Wageni waliposikia mkwe anasemeshwa wakarudi kukaa. Mkwe akaenda kwenye begi lake, akatoa balbu iliyoviringishwa kwenye soksi, akaifunga. Mwanga ukaja.

Shangazi ananitazama. "Mama, umemsemesha mkwe?"

"Nimemsemesha. Na friza alizima yeye. Na samaki wenu niliwanunua kabla ziwa halijafungwa, wako nyuma ya choo, nimewafukia."

"Walikuwepo samaki?"

"Friza nzima."

Akamwangalia mkwe, balbu inamulika upara wake. Akakaa vizuri. "Sisi tulidhani ni dharau. Kumbe ni mkwe tu. Wakwe hata Ilagala wapo. Hebu sogezeni maharage."

Posa ikapokelewa.

Funzo ni hili. Taa usiyoitumia zima, sikatai. Friza yenye chakula cha watu iache. Na adabu ikianza kunuka, ifungue kabla haijafika mlangoni.

Ila niwaambie kilichonikuta. Tangu siku ile mkwe anasema mwiko umevunjika, sasa sisi ni mama na mwana. Kila jioni ananipigia kutoka Dodoma kunieleza jiko la pumba za mpunga. Anaanza magharibi, anamaliza akitaka. Miaka yote ile adabu ilikuwa inanikinga na huyu mtu, mimi sikujua.

Mwenye kujua namna ya kuurudisha mwiko aandike hapa chini. Mapema, kabla hajapiga.