Mtoto wa Tumbo Wazi

Nakumbuka asubuhi moja hapa Kabuta, mwanangu, na hata leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Nilikuwa kijana mwenye ulimi mrefu. Tulikuwa tumevuka ziwa Mweru kutoka Kongo mwaka uliotangulia, na kazi yetu wanawake ilikuwa kupasua samaki, kuwatia chumvi na kuwaanika. Wifi yangu Georgette, mke wa kaka yangu, alipasua pamoja nasi mpaka siku za mwisho za mimba yake. Kwetu mjamzito hatakiwi kushika kisu cha samaki, lakini njaa haina mwiko.

Uchungu ulimshika ghafla, akajifungua nyumbani, mimi na mama yangu tukimsaidia. Mtoto alilia vizuri. Nikamgeuza nimfute, nikaona. Mungu wangu! Pale penye kitovu matumbo yalikuwa nje, yamefunikwa na ngozi nyembamba kama ya kitunguu, nayo yanacheza ndani yake. Sikuwahi kusikia kwamba binadamu anaweza kuzaliwa hivyo.

Na unajua nilifanya nini? Badala ya kukimbilia msaada, nilipiga kelele: "Ni ile samaki! Georgette, nilikuambia usipasule samaki na mimba. Sasa ona, mutoto naye anapasuka!"

Ulimi hauna mfupa. Wazee wa ukoo wakaja, wakaanza kumhoji mzazi: nani alimruhusu kushika kisu, na ana jambo gani jingine analolificha? Georgette alikuwa bado anatoka damu. Mama yangu alikaa mlangoni akitazama nje. Jua likapanda, sauti ya mtoto ikaanza kupungua, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Naona haya kukuambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo akaingia Mama Vero, mkunga wetu, ambaye jirani mmoja mwenye akili alikuwa amemfuata shambani kwenye mihogo yake. Alimtazama mtoto, akatutazama sisi, na hasira ile sijaiona tena kwa mtu mwingine.

"Bamama bote ya hapa banapasulaka samaki na mimba," alisema. "Sasa mbona batoto bote habazaliwake vile? Batoto ya namna hii nilisha kupokea na mikono yangu, hapa na kule Pweto, ngambo ya Kongo. Haiko moja, haiko mbili. Ni nyinyi munabaficha, kisha kila nyumba inawaza iko peke yake!"

Mimi, kwa ujinga wangu, nikabisha. "Lakini hapa hatujasikia ile hata siku moja."

"Uliza bamama!"

Mama yangu akageuka kutoka pale mlangoni.

"Mimi pia," akasema. "Wa kwanza wangu, mbele ya nyinyi bote. Alilia siku mbili. Tulimuzika, hata jina hatukumupa."

Mwanangu, nilishtuka kuliko nilivyoshtuka nilipomwona mtoto. Nilikuwa nimekula sahani moja na mama huyu maisha yangu yote, na sikujua kwamba nilikuwa na kaka mwingine. Jirani mmoja aliyeegemea ukuta akaanza kulia, akasema mtoto wa dada yake naye alizaliwa hivyo, na kwao walikatazwa kumtaja.

Mama Vero hakungoja machozi yaishe. Aliomba maji yaliyokwisha kuchemshwa, akalowesha kitambaa safi, akafunika matumbo yale bila kuyasukuma, akazungushia mfuko safi wa plastiki, kisha akamfunga mtoto kifuani pake apate joto. Kaka yangu akashusha mzigo wa samaki kwenye baiskeli, akampakia mkunga na mtoto, wakaupanda mlima wa kwenda kliniki. Georgette alifuata kwa baiskeli ya jirani. Kliniki iliwapeleka hospitali, hospitali ikawapeleka kwa wapasuaji wa mbali, na miezi ikapita bila sisi kujua kitu. Siku moja Georgette akashuka kwenye lori, mtoto mgongoni. Unamfahamu. Ni yule Djo anayeuza chisense, dagaa wa ziwa letu, ambaye huwachekesha wateja kwamba yeye peke yake ufuoni hapa hana kitovu.

Basi nisikilize. Watoto hawa si wengi, ni wachache miongoni mwa maelfu, lakini ufuo huu unazaa kila siku, kwa hiyo watakuja. Wengine hutoka bila hata ile ngozi ya kufunika, na hao wana haraka zaidi. Chanzo mara nyingi madaktari wenyewe hawakijui. Usikitafute kwenye kisu cha samaki wala kwenye mwenendo wa mama yake. Usiyasukume ndani, usiyafunge kwa nguvu, usipake majivu. Funika kwa usafi, mpe joto, kimbia naye. Na wewe mwenyewe ukijaliwa mimba, nenda kliniki mapema, ukajifungulie huko. Mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Ukisikia kinywa kinataka kulaumu, kumbuka hujafa hujaumbika, ukinyamazishe.

Mungu akupe uzao mzima, mwanangu. Na akikupa wa tumbo wazi, akupe pia mtu wa kumbeba mchana, mbele ya macho ya wote, na kumwita kwa jina. Yule kaka yangu wa kwanza, aliyezikwa bila jina, alilia siku mbili akimngoja mtu huyo.