Spika ya Katikati

Dukani walimwita Bi Waya, kwa sababu mkoba wake haukukosa waya. Wenzake walibeba kioo na chanuo; yeye alibeba waya wa HDMI, vipande viwili vya waya wa spika, bisibisi ndogo, na daftari lenye jalada gumu. Ukurasa wa kushoto aliandika neno lililo kwenye boksi la runinga au redio. Ukurasa wa kulia aliandika neno hilo linafanya kazi gani, kwa lugha ambayo mtu yeyote anayejua kupika na kufua angeielewa.

Daftari hilo lilizaliwa na aibu. Miaka sita nyuma alimuuzia wifi yake runinga ambayo boksi lake lilikuwa na maandishi ya dhahabu: 4K. Bi Waya naye aliliamini boksi. Baadaye, aliposoma kijitabu cha ndani, akakuta kwamba runinga ile inapokea tu picha za 4K, kisha inazipunguza, maana kioo chake kina robo tu ya nukta zinazotakiwa. Alimwendea wifi akamweleza. Wifi hakugomba. Alisema tu, "Basi wifi, na wewe ndiye mjuzi wetu," akaifunika runinga kwa kitambaa. Yapo maneno ya upole ambayo ni afadhali mtu atukanwe kuliko kuyasikia. Tangu siku hiyo Bi Waya hakuuza chombo kabla ya kukieleza.

Tajiri wa duka hakulipenda jambo hilo. Alikuwa kijana mwenye haraka, aliyerithi duka lakini hakurithi subira. Alimpenda zaidi muuzaji mwingine, aliyeitwa Punguzo kwa kuwa kila sentensi yake kwa mteja iliishia na neno hilo.

Siku moja mteja aliinua redio iliyoandikwa wati elfu tano, macho yakimng'aa. Bi Waya akamwambia, "Kaka, mtu akikurupushwa na mbwa anakimbia kasi gani?"

"Ya ajabu!"

"Na mtu huyohuyo akienda kazini kila siku?"

"Mwendo wake wa kawaida."

"Basi elfu tano ni mbio za mbwa, sekunde moja tu. Mwendo wa kila siku umeandikwa huku nyuma, kwa herufi ndogo, mbele ya RMS. Soma."

Mteja akasoma. Ilikuwa arobaini. Akairudisha redio mahali pake, akaondoka akicheka peke yake. Siku mbili baadaye mteja mwingine akaondoka vivyo hivyo.

"Bi Waya," tajiri alimwita pembeni, "wewe ni muuzaji au mhubiri?"

"Mimi ni muuzaji, tajiri. Ndiyo maana nasema ninachouza."

"Kizuri chajiuza, mama," Punguzo alidakia. "Wewe unakizuia njiani kukihoji."

"Wamekwisha toka wawili mikono mitupu," tajiri alisema. "Akitoka wa tatu kwa maelezo yako, nawe toka naye. Nimemaliza."

Bi Waya alikuwa mjane mwenye watoto wawili shuleni, na duka lile ndilo lililokuwa kazi yake ya pekee. Usiku ule hakuwaambia watoto lolote. Lakini daftari alilirudisha mkobani kwa ajili ya kesho, na mtu anayerudisha daftari mkobani amekwisha kuamua.

Jumatano asubuhi aliingia fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni kama mkufu. Hakuangalia rafu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Waya.

"Dada, nipe spika kubwa kuliko zote zilizomo humu. Baba amekuwa kiziwi."

Tajiri aliinua uso kutoka mezani kwake, akatabasamu. Punguzo tayari alikuwa akikunjua mikono ya shati ili abebe.

"Pole," Bi Waya alisema. "Uziwi umeanza lini?"

"Miezi mitatu. Akiangalia tamthilia zake anatuuliza, 'Kasema nini? Huyu naye kasema nini?' Anaongeza sauti mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, bado anauliza. Jirani amekuja mara mbili."

"Muziki wa tamthilia anausikia?"

"Anausikia sana! Na milio ya bunduki. Bunduki zinamrusha kwenye kiti."

Bi Waya aliweka kalamu chini. "Na ukimwita kwa sauti ya kawaida, anaitika?"

"Siku nyingi sijajaribu. Sote nyumbani tunampigia kelele. Naye anakasirika, ndipo tukajua uziwi umemwingia. Hata kikao cha familia juzi hatukumwita. Angesikia nini?"

"Mlango, Bi Waya," tajiri alisema kwa mbali, akimaanisha kwamba mlango uko wazi na yeye anakumbuka ahadi yake.

Bi Waya alimsikia vizuri. Akauliza swali linalofuata. "Mna mtambo gani?"

"Ule wa spika tano na besi. Umeandikwa tano nukta moja, sijui maana yake."

"Tano ni spika za kawaida: mbili za mbele, kulia na kushoto, mbili za nyuma, na moja ya katikati, chini ya runinga. Ile nukta moja ni boksi la besi. Kila moja ina zamu yake. Za kulia na kushoto zinachukua muziki zaidi. Za nyuma zinachukua mvua, upepo, gari linalopita. Ya katikati inachukua maneno ya watu."

"Maneno yote?"

"Karibu yote. Mtambo unayachambua, unayapeleka huko, ili mtu aonekane anaongea kutoka kwenye kioo. Sasa niambie, zenu zote tano ziko mahali pake?"

Fundi cherehani alishika futi yake kwa mikono miwili.

"Nne," alisema polepole. "Moja niliitoa. Meza ya runinga ni ndogo, nikataka pa kuweka chombo cha maua."

"Ipi?"

"Ile ya katikati."

Punguzo aliangua kicheko, kisha akamwona tajiri, akakimeza.

"Na wewe huangalii naye?" Bi Waya aliuliza.

"Naangalia! Lakini mimi nasoma maandishi ya chini. Baba hayaoni." Machozi yalianza kumlenga. "Dada, ina maana baba yangu nimemziba masikio kwa maua?"

Hapa ndipo mahali ambapo watu wengi wenye dini na adabu hujikwaa. Spika kubwa ilikuwepo. Mnunuzi alikuwa ameikubali kabla hajaiona, na nyumbani ingepiga kelele ya kutosha hata mzee aambulie maneno mawili matatu. Hakuna ambaye angemwita Bi Waya mwongo. Lakini anayemficha mnunuzi jambo analolijua amemwibia, hata kama amempa risiti.

"Huhitaji spika," Bi Waya alisema, kwa sauti ambayo tajiri asingeshindwa kuisikia. "Rudisha ile mahali pake. Ukikosa nafasi, ingia kwenye mipangilio ya mtambo, uuambie una spika mbili tu. Neno lake ni stereo. Hapo utayarudisha maneno kulia na kushoto. Usinunue kitu."

Tajiri alisimama. "Huyo ni wa tatu."

"Nimemhesabu," Bi Waya alijibu. Alivua koti la duka, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kaunta. Kisha akamgeukia fundi cherehani. "Twende. Sijui kama nimesema kweli mpaka mzee asikie."

Spika ya katikati ilikuwa ndani ya kabati, imefungwa kwenye fulana. Waya wake ulikuwa umetumika kuanikia nguo. Bi Waya akatoa kipande mkobani, akachuna ncha zake, akaunga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mzee alikuwa kitini, amenyoosha miguu, akimtazama kwa macho ya mtu aliyechoka kushughulikiwa.

"BABA!" binti alipiga kelele. "HUYU NI FUNDI!"

Mzee alifumba macho.

Bi Waya aliinama, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee alijibu papo hapo. "Afadhali amekuja mtu anayeongea."

Bi Waya akawasha runinga. Kwenye kioo, mwanamke mmoja alikuwa akinong'ona mlangoni mwa hospitali. Mzee akasogea mbele. Akasikiliza sentensi ya kwanza, ya pili, akapiga goti lake.

"Kumbe daktari ndiye muuaji! Miezi mitatu nilidhani anachumbia!" Akamgeukia binti yake. "Na wewe, usinipigie kelele tena. Kikao chenu kile mtakirudia. Mwanzo mpaka mwisho, nikiwemo."

"Ndiyo, baba," alisema binti, kwa sauti ndogo. Mzee aliisikia yote.

Chombo cha maua kilihamia dirishani. Na kwa kuwa fundi cherehani hakujua shukrani nyingine iliyo kubwa kuliko nafasi, alisukuma cherehani ya pili ukutani na kumpa Bi Waya kona ya kibaraza chake: meza, viti viwili, na kipande cha kitambaa alichokitarizi mwenyewe, Tunaeleza na Kufunga Vyombo. Wiki ya kwanza walikuja watu wanne. Ya pili, tisa. Hazikuwa siku nyepesi. Watoto waliambiwa ukweli, nao wakala kwa kipimo.

Ijumaa moja Punguzo alitokea, anahema, boksi la runinga kwapani na koti la duka limegeuzwa ndani nje ili lisijulikane.

"Bi Waya, upesi upesi. HDR ndiyo nini? Mteja amesimama dukani, tajiri mwenyewe hajui."

"Mtu akisimama dirishani mchana," Bi Waya alianza, "kwenye runinga ya kawaida utaona uso wake au utaona nje. Si vyote. HDR inakuonyesha vyote, mwanga na kivuli, ikiwa kioo kina mwanga wa kutosha. Boksi lako linasema kioo kina mwanga kiasi gani?"

"Halisemi, mama. Nitamwambia kinatosha."

"Hutamwambia hivyo." Alivuta kiti cha pili kwa mguu, akafungua daftari. "Kaa. Toa kijitabu cha ndani, tusome wote."

Punguzo aliangalia barabarani, akaangalia boksi. Akakaa.