Paa la Bi Mbeyu wa Kinango

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, msimamizi wa ujenzi alinikuta nimeanza kuezeka kutoka juu. "Kijana, shuka," akaniambia. "Kuti la chini ndilo linalotangulia, la juu lilale juu yake, ndipo maji yateremke." Niliona haya. Shule niliishia darasa la tano, basi nilishika aliyoniambia, na makuti yakanilisha mpaka nikazeeka.

Sijui kama maandishi haya yana faida. Lakini vijana huniuliza mtu ajenge wapi, mjini au shamba, nami nina kosa moja la kuwasimulia.

Bi Mbeyu alikuwa dobi wa hoteli ile, amepanga chumba Ukunda. Alipostaafu alitaka nyumba ya makuti kwenye shamba la babake, Kinango.

"Nimefua chini ya makuti ya wageni miaka yote," alisema. "Sasa nataka yangu, nilale."

"Mama, si ununue kiploti Ukunda? Soko karibu, hospitali karibu."

"Na mbuzi niwafuge chini ya kitanda?"

Nikamwezekea kwa kubana sana. Kwetu Msambweni visima viko karibu, kwa hivyo sikumwuliza maji atateka wapi.

Mvua iliponyesha nilikwenda kukagua, nikijisifu moyoni. Majirani wenye mabati walikuwa wakijaza mapipa. Yeye alinionyesha ndoo ya maji rangi ya chai, yananuka majani.

"Fundi, halivuji hata tone," alisema. "Lakini haya siyanywi, na bwawa liko mbali, miguu imechoka. Nitafunga mlango nirudi Ukunda kupanga."

Mwenye nyumba arudi kupanga: neno hilo liliniuma. Kusema haki, makuti aliyataka mwenyewe. Ila fundi ni mimi, na kuuliza ilikuwa kazi yangu. Nilipanda nikayavua makuti niliyoyafunga kwa mikono yangu, nikabakiza ya baraza tu. Kwingine tukapiga mabati, tukaweka mfereji wa kupeleka maji ya mvua kwenye tangi.

Sasa nimepumzika. Binti yangu amejenga Ukunda, karibu na kazi yake, wala siwezi kusema amekosea.

Lakini nakumbuka msimu wa mvua uliofuata kazi ile ya mabati, Bi Mbeyu alinipigia simu asubuhi. "Hebu sikiza, fundi." Nikasikia mvua ikipiga mabati. "Kelele hizi ndizo ulizoniletea," akacheka. "Mwenye chumba cha Ukunda ameniuliza kama narudi. Nimemwambia ampe mwingine."