Programu Niliyoijengea Sebuleni

Nianze na ujinga wangu: niliifuta programu ya kuandikia kwenye kompyuta yangu, ili kupata nafasi, kabla mpya haijawa tayari. Na hiyo mpya sikuichukua ikiwa imekamilika, kama wafanyavyo wenye akili. Nilipakua msimbo wake, ile mistari ambayo mafundi wake bado wanaiandika na kuifuta, niijenge mwenyewe hapahapa Somanda, kwenye kochi langu. Mimi si mtu wa kutoka. Wengine huenda mnadani. Mimi husafiri hadi jikoni.

Ndipo akaingia mama jirani na risala aliyoiandika kwa mkono. Binti yake alikuwa anaagwa kesho yake kabla ya harusi, na msomaji ni mjomba mtu, ambaye macho yake yanataka herufi kubwa kama za bango. Steshenari ya kuchapishia hufungwa jioni.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Hiyo kompyuta inasaga mahindi?"

"Inajenga programu ya kuandikia, mayu."

"Haya. Ikimaliza kujenga, iniandikie."

Akakaa. Kompyuta ikagoma: kuna kipande kinakosekana. Nikanunua bando, nikakipakua. Ikanguruma, ikagoma tena.

"Kwani fundi wake nani?"

"Mimi."

"Ndiyo maana."

Jua likaanza kuelekea Nkololo, machweoni, au niliona hivyo kwa woga. Nikausoma ule ujumbe wa kosa polepole, jambo ambalo kidato cha nne kilitosha kabisa kunifundisha. Kumbe nilileta kipande cha toleo la zamani. Nikaleta kipya. Mistari ikatiririka, ikatiririka, ikanyamaza. Kikafunguka kidirisha cheupe, kitupu. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutazama kitu kisicho na kitu.

Mama akasoma, nikachapa. Alipoliona jina la binti yake limejaa kioo kizima, akacheka mpaka akafuta machozi na khanga. Kisha mimi, mtu wa kochi, nikatoka mbio na flashi mkononi. Bodaboda wakauliza kama kuna msiba. Mwenye steshenari alikuwa ameshika kufuli. Akanihurumia.

Nilirudi na karatasi zikiwa bado na joto. Nikaanza kujisifu jinsi nilivyoifuta programu ya zamani na kuijenga mpya, mstari kwa mstari. Mama akazikunja ndani ya khanga, akanyoosha kidole dirishani, kwenye matofali ya nyumba yake mpya nyuma ya ile ya zamani.

"Ile imefika kwenye lenta, imebaki paa tu, na bado nalala kwenye ya zamani. Wewe ulibomoa ukiwa ndani."